Mgao ukichelewa: namna ya kununua na kutunza akiba ya chakula ya siku saba

Maandishi ya kipindi, kwa wasikilizaji na kwa vikundi vinavyosoma pamoja

(Muziki wa kufungulia. Unapungua polepole.)

Mnaotusikiliza mkiwa Nyarugusu kule Kigoma, mnaotusikiliza Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, Mahama na Kiziba nchini Rwanda, na ninyi mlioko Musenyi nchini Burundi, karibuni nyote. Na wewe uliyeshika karatasi hii mkononi kwa sababu kipindi kilikupita, au kwa sababu kikundi chenu kinaisoma kwa sauti chini ya mti, karibu pia.

Leo tunazungumza juu ya akiba ya chakula nyumbani: chakula kinachokaa muda mrefu bila kuharibika, kinachowekwa kando kwa ajili ya siku mbaya.

Nawasikia wanaocheka. "Akiba gani ndugu yangu, na mgao wenyewe hautoshi?" Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Kwa wastani, mtu mmoja anahesabiwa kuhitaji nguvu ya kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao kamili hupangwa kwa kipimo hicho. Lakini mnajua wenyewe kwamba mgao haukuwa kamili siku zote. Katika kambi za Tanzania, mwaka 2023 mgao ulishuka hadi asilimia 65, na ilipofika Juni ulikuwa asilimia 50. Nchini Uganda, mwaka huohuo, kaya zilianza kupangwa kwa makundi, ili wenye hali ngumu zaidi wapate zaidi na wengine wapate kidogo au wakose.

Kwa hiyo sisemi na watu waliojaa. Nasema na watu wanaohesabu vikombe. Na ndiyo sababu mada hii inatuhusu, kwa kuwa mwenye ghala kubwa haumizwi na wiki moja ya kuchelewa. Anayeumia ni yule asiye na kikombe cha ziada.

(Muziki mfupi)

Tufikirie siku moja ambayo wengi wenu mmeiona. Unga umebaki wa siku mbili. Kipaza sauti kinapita: "Tunawatangazia kwamba mgao umesogezwa mbele kwa wiki moja. Magari yamekwama njiani kwa sababu ya mvua." Je, nini hutokea ndani ya nyumba katika wiki ile?

Mara nyingi hutokea moja kati ya mambo matatu.

La kwanza, kitu kinauzwa. Blanketi, sufuria, jembe, au jozi ya viatu vya mtoto. Kinauzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi anajua una njaa. Siku ya kukinunua tena, bei ni mara mbili.

La pili, kadi ya mgao inawekwa rehani. Mfanyabiashara anakupa makopo 4 ya unga leo, nawe utamlipa makopo 6 siku ya mgao. Hebu tupige hesabu. Makopo 2 yamepotea bure. Mwezi ujao unaanza ukiwa umepungukiwa makopo 6, kwa hiyo utaishiwa mapema zaidi, na utarudi kwa mtu yuleyule. Wapo walioingia mlango huo kwa sababu ya wiki moja tu, wakashindwa kutoka kwa mwaka mzima.

La tatu ndilo baya kuliko yote, na halisemwi sana. Mama ana muhogo mchungu. Anajua unatakiwa kulowekwa siku tatu au nne. Lakini watoto wanalia leo. Anautoa siku ya kwanza, anaukausha harakaharaka, anausaga, anapika. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu linaweza kumlemaza mtoto maisha yake yote.

Akiba ya siku saba haikusudiwi kukushibisha. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kutofanya mambo hayo matatu. Hilo tu. Na hilo ni kubwa.

(Muziki mfupi)

Sasa tuhesabu. Tuchukue nyumba ya watu 6. Katika siku ya shida, tuseme kila mtu anapata gramu 300 za mahindi au unga, gramu 60 za maharage, gramu 15 za mafuta na gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni chakula cha kushikilia, hakishibishi, lakini kinasimamisha mwili.

Kwa siku saba nyumba hiyo inahitaji mahindi kilo 12 na nusu hivi, maharage kilo 2 na nusu, mafuta yasiyofika lita moja, na chumvi robo kilo.

Kama unaona ni mlima, anza na siku tatu. Kwa siku tatu ni mahindi kilo 5 na nusu, maharage kilo moja na kidogo, mafuta theluthi ya lita, na chumvi gramu 90. Ukizifikisha siku tatu, moyo utakupa nguvu ya kufika saba.

Vitatoka wapi? Kwa mwenye mgao wa chakula, ni siku ileile ya mgao, kabla gunia halijaingia jikoni. Chota kopo moja la mahindi au unga na nusu kopo la maharage, weka kando. Ukisubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakuna kitakachobaki. Kwa mwenye kupokea pesa kwa simu au kwa kadi, nunua maharage kilo moja ya akiba mwezi huu, mwezi ujao mahindi, na kadhalika. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha nafaka. Hawakusema ovyo.

Angalia pia siku ya kununua. Mahali panapogawiwa chakula, bei sokoni mara nyingi hushuka siku chache baada ya mgao, na hupanda mwishoni mwa mwezi. Mahali panapogawiwa pesa, mara nyingi ni kinyume: bei hupanda siku zile pesa zinapoingia. Na mahindi huwa rahisi wakati wenyeji wamevuna. Muulize mwenyeji unayefahamiana naye sokoni wanavuna lini huko uliko. Na kama soko liko nje ya kambi, fuata utaratibu wa vibali. Kilo mbili za maharage hazistahili kukuweka mahabusu.

Lakini sikilizeni neno hili. Akiba haitolewi kwenye sahani ya mtoto wa chini ya miaka mitano, wala ya mama mjamzito au anayenyonyesha, wala ya mgonjwa. Kama nyumba yako ina hao tu na mgao hautoshi, hakuna kosa ulilofanya kwa kukosa cha kuweka. Wewe msikilize mpaka mwisho, kwa sababu lipo jambo linaloweza kufanywa na watu wengi pamoja.

(Muziki mfupi)

Ununue nini basi? Sio kila chakula kinakaa.

Tuanze na mahindi. Punje nzima hukaa kuliko unga. Mahindi makavu yaliyofungwa vizuri yanaweza kukaa mwaka mzima. Unga wa dona, kwa kuwa una kiini chenye mafuta, huanza kuchachuka baada ya mwezi mmoja au miwili. Kwa hiyo weka sehemu kubwa ya akiba kwa punje, na sehemu ndogo kwa unga, kwa ajili ya siku ambayo kinu kimefungwa au huna pesa ya kusaga. Ukikosa kabisa pesa ya kinu, punje huchemshwa na maharage yakawa makande, ila huo ni mlo wa kuni nyingi.

Maharage. Usinunue yenye matundu, wala yaliyonyauka. Na usiyaweke miaka. Maharage yakizeeka huwa magumu, hayaivi, nawe utamaliza kuni. Yatumie ndani ya miezi sita hivi na uweke mapya. Siku ya kupika, yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Kuni zitapungua. Zile dengu zilizopasuliwa huiva haraka zaidi, kwa hiyo ni nzuri kwa nyumba yenye shida ya kuni.

Dagaa, au ndagala kama wengi wetu tunavyowaita. Ni nyama ya maskini, na wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo wanajenga mifupa ya mtoto. Chukua mmoja mkononi umvunje. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda, mwache. Nusa: harufu ya samaki ni sawa, harufu ya kuoza si sawa. Nyumbani waweke kwenye chombo chenye kifuniko, na kila baada ya wiki mbili waanike juani saa chache. Wakitunzwa hivyo hufika miezi miwili au mitatu.

Mafuta. Yale yanayogawiwa katika mgao yameongezwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Jua linaiua vitamini hiyo. Kwa hiyo usiweke chupa dirishani, iweke gizani na ifunge. Mawese mekundu nayo ni mazuri, na wekundu wake ndio dawa yenyewe. Ukiyachemsha mpaka yakawa meupe, umeitupa dawa.

Chumvi. Nunua yenye madini joto, uifunge. Unyevu na jua huyaondoa madini hayo.

Sukari kidogo, hata robo kilo. Hii si ya chai. Ni kwa ajili ya kuhara, ambako katika kambi huua haraka kuliko njaa. Ukikosa pakiti za dawa ya kuhara, chukua lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, mnyweshe mgonjwa kidogokidogo huku mkienda zahanati.

Karanga zina nguvu sana, lakini hushikwa na kuvu upesi. Nunua kidogo, zikiwa na maganda yake, na utupe zote zilizosinyaa au zilizobadilika rangi.

Majani nayo hukaushwa. Majani ya kunde, mchicha, matembele: yaoshe, yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yaanike kivulini juu ya kitambaa safi na kuyafunika kwa kitambaa chepesi. Kivulini, sio juani, ili yasipoteze nguvu yake. Bustani ya gunia moja mlangoni inaweza kukupa mboga za kukausha bila kununua.

Chakula cha makopo ni ghali, lakini ukipata, tazama tarehe. Kopo lililovimba, lililotoboka au lenye kutu nyingi usilifungue kabisa.

Na vitu viwili usivinunue kwa akiba. Cha kwanza ni zile pakiti za siagi ya karanga wanazopewa watoto wenye utapiamlo. Ile ni dawa. Kila pakiti iliyoko sokoni imetoka mdomoni mwa mtoto anayeumwa. Cha pili ni maziwa ya unga kwa ajili ya kichanga. Mtoto wa chini ya miezi sita akiba yake ni ziwa la mama, na maji machafu kwenye chupa humuua. Kwa hiyo katika siku za shida, mama anayenyonyesha ndiye wa kwanza kupewa chakula.

Mwisho, kumbuka kwamba chakula kikavu bila maji na moto sio chakula. Weka dumu moja la maji lenye kifuniko, ulibadilishe mara kwa mara. Weka fungu la kuni kavu, na kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki.

(Muziki mfupi)

Sasa turudi kwenye muhogo, kama nilivyoahidi.

Muhogo mchungu una sumu. Wazee wetu wa Kongo walijua, ndiyo maana wakaweka desturi ya kuloweka. Mwaka 1938 daktari mmoja aliyefanya kazi Kongo, Giovanni Trolli, aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka wa Kwango walikuwa wakiuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu haikunjuki. Huwapata zaidi watoto na akina mama. Na miguu ile hairudi kuwa kama zamani.

Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame ulikausha mazao mengine yote ukabaki muhogo mchungu. Watu walikuwa na njaa, hawakuweza kungoja. Zaidi ya watu 1,000 walilemaa. Muhogo ulikuwa uleule waliokula miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba siku za kuuandaa zilipunguzwa, na hapakuwa na maharage wala samaki wa kuusindikiza, kwa maana mwili unahitaji vyakula hivyo ili kuishinda sumu.

Unaona sasa kwa nini nasema akiba ya siku saba ni jambo kubwa? Mwenye mahindi ya siku saba ana siku nne za kuungoja muhogo wake.

Loweka muhogo uliomenywa siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uukaushe juani sawasawa. Ukinunua makopa sokoni, vunja kipande. Kiwe kikavu mpaka ndani, kisiwe na kuvu jeusi wala la kijani. Na ukinunua unga wa muhogo usiojua ulivyoandaliwa, fanya hivi: uchanganye na maji mpaka ulowe wote, utandaze mwembamba juu ya turubai safi au sinia, unene usiozidi upana wa kidole, uuache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu itatoka na kupotea hewani. Kisha upike bugali siku hiyohiyo. Saa mbili tu. Hata mwenye njaa anaweza kungoja saa mbili.

(Muziki mfupi)

Wahenga walisema akiba haiozi. Nakubali, lakini akiba ya chakula huoza, tena huua. Adui yake ni unyevu, wadudu, panya, na mkono wa mtu.

Tuanze na unyevu. Nafaka yenye maji ndani hushikwa na kuvu linaloacha sumu, wataalamu wanaiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina ladha, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao walikufa. Ilikuwa ni mahindi yao wenyewe, ya nyumbani.

Utajuaje kama mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu inayoonyesha ndani. Tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, kisha tia mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika tatu au nne, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, sio juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yafunge. Punje zenye kuvu, zilizooza au zilizobadilika rangi zichague uzitupe mbali. Usimpe kuku wala mbuzi, maana sumu ile itarudi kwako.

Wadudu. Usiweke nafaka kwenye gunia peke yake. Tumia dumu la plastiki, wengine husema bidoni au jerikeni, lililooshwa na kukauka kabisa. Lazima liwe lilibeba maji au mafuta ya kula, sio petroli, sio dawa. Jaza nafaka mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, funga sana. Wadudu waliomo wataimaliza hewa kidogo iliyobaki, kisha watakufa. Dumu la lita 5 huingia mahindi kilo 3 na nusu hadi 4, kwa hiyo manne yanatosha akiba ya siku saba ya watu 6. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu huingia maharage zaidi ya kilo mbili. Madumu madogo ni bora kuliko pipa moja kubwa, kwa sababu ukifungua moja, mengine yanabaki yamefungwa. Ipo pia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kama inauzwa huko uliko, kikundi kinaweza kununua mmoja kwa pamoja.

Usitie dawa ya kuua wadudu kwenye chakula. Na vile vidonge vya kufukiza maghala usiviingize kabisa ndani ya nyumba mnamolala. Moshi wake hauonekani, na umeua familia usingizini.

Panya wanapenda kona na sakafu. Weka mawe manne, juu yake mbao, juu yake madumu, kando ya ukuta kidogo, sio kuugusa. Fagia punje zilizomwagika kila jioni.

Na mkono wa mtu? Kwanza mwizi. Usiiweke akiba mahali mgeni anapoiona akiingia, wala usiitangaze bombani. Kisha mkono wa nyumbani. Baba anarudi jioni, amechoka, anasema, "Mama watoto, fungua lile dumu leo tule vizuri." Mama anajibu, "Baba watoto, lile tulilipatana. Siku ya mgao tukipata, nitakupikia." Mapatano hayo yafanyike mapema, wote wawili wakiwapo, na watoto wakubwa wasikie. Patanini kwamba dumu linafunguliwa kwa mambo haya tu: mgao ukichelewa, nyumba ikipata mgonjwa, au mkipata msiba. Nje ya hayo halifunguliwi.

Andika tarehe kwenye kila dumu, hata kwa mkaa. Kila miezi mitatu minne, la zamani litumike, na lijazwe jipya mahali pake. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

(Muziki mfupi)

Nilisema lipo jambo la watu wengi pamoja. Wale tuliotoka Kongo tunaijua likelemba, na majirani zetu Watanzania huiita upatu au mchezo. Mara nyingi tunacheza ya pesa. Inaweza kuwa ya maharage.

Kaya kumi zinazoaminiana zinapatana. Kila mgao, kila kaya inatoa kopo moja. Makopo kumi yanakwenda kwa kaya moja, kwa zamu. Mama ambaye peke yake angehitaji miezi kumi kufikisha makopo kumi, anayapata siku moja, anayafunga kwenye dumu, naye ana akiba. Na wanakikundi wanaweza kupatana kwamba mzee asiye na mtu, au mama mwenye watoto wadogo tu, apate zamu ya kwanza, au aingie kwa nusu kopo.

Likelemba hii inajibu pia swali gumu: jirani akija mlangoni wakati wa shida, nami nina dumu moja, nifanye nini? Sitakupa amri katika hilo. Mila zetu zote zinajua maana ya kumnyima jirani. Ninachosema ni kwamba jirani mwenye dumu lake mwenyewe hatagonga mlango wako usiku. Ukimfundisha leo, umemlisha kabla hajaona njaa, na siku ile dumu lako litakapokwisha, mlango wa kugonga utakuwepo.

(Muziki mfupi)

Kabla hatujaagana, turudie machache.

Anza na siku tatu, kisha saba. Chota siku ya mgao, usingoje mwisho. Nunua punje kuliko unga. Jaribu ukavu kwa chumvi. Jaza dumu mpaka shingoni ufunge. Loweka muhogo siku zake zote. Kadi ya mgao usiiweke rehani. Na mtoto asipunguziwe sahani.

Kwa vikundi vinavyosoma pamoja, haya ndiyo maswali ya kujadili. Moja: mara ya mwisho mgao ulipochelewa, nyumba yako iliuza au ilikopa nini, na iliigharimu kiasi gani? Mbili: katika soko lenu, bei ya maharage huwa chini wiki gani? Tatu: kaya zipi katika mtaa wenu haziwezi kuweka hata kopo moja, na kikundi kinaweza kufanya nini?

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tulitoka nyumbani usiku, tukaacha ghala limejaa. Wapo walioacha mahindi darini, maharage kwenye vibuyu, na mihogo kisimani ikilowa. Tulijua kuweka akiba kabla hatujajua neno mgao. Ujuzi huo haukubaki nyuma pamoja na ghala. Tuutumie hapa, kwa kopo moja moja, mpaka siku tutakayovuna tena yaliyo yetu.

Mimi naishia hapa. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kaeni salama, na mwambie jirani yako uliyoyasikia.

(Muziki wa kufungia)